Kuelewa, kuolewa, na sifuri iliyopotea

Kazi yangu ni kusoma prufu, yaani kurasa za majaribio, nikitafuta makosa kabla hazijachapishwa. Ofisi yetu iko Industrial Area, Nairobi, ghorofani, juu kabisa ya mashine za kuchapisha, na zikianza kukimbia asubuhi kikombe cha chai hujisogeza chenyewe mezani. Nimesoma humo vitabu vya shule, kalenda za vyama vya akiba, ratiba za mazishi, na miaka yote hiyo nimejihesabu kuwa mtu mwenye jicho kali.

Mwaka juzi, asubuhi moja, simu ya mezani ikalia. Alikuwa fundi wa mashine, mzee aliyenitangulia pale kwa miaka mingi.

"Madam, hebu kuja chini uone kitu."

Nikashuka. Nilimkuta kando ya rundo la karatasi ambazo wino wake haujakauka sawasawa, ameshika moja kwa ncha za vidole. Zilikuwa kurasa za mwongozo wa mwalimu, Kiswahili, Gredi ya 4. Akanionyesha mstari. Maneno ambayo nilitakiwa niwe nimeyasoma mara tatu yalikuwa: "Kufikia mwisho wa mada, mwanafunzi aweze kuelewa hadithi aliyosikiliza." Yaliyochapishwa: "Kufikia mwisho wa mada, mwanafunzi aweze kuolewa hadithi aliyosikiliza."

"Gredi ya nne," mzee akasema. "Si wangengoja kidogo?"

Karatasi mia sita zilikuwa zimeshapita. Mkubwa wangu hakupiga kelele, na heri angepiga. Aliniambia nimechoka, nipunguze simu usiku, nile karoti. Nikarudi juu na prufu yenye sahihi yangu chini, nikaitazama. Herufi ile ilikuwa o. Lakini kadiri nilivyoitazama ndivyo ilivyokuwa pia e, na nilipofinya macho, yaani kuyafumba nusu kama mtu anayetazama jua, ndipo ilipokubali kuwa o na kubaki o. Nikatazama neno lingine, "mkeka". Likawa mkoka, likawa mkeka, likawa mkoka. Hapo nikaogopa.

Siku zote nilijua kwamba taa za barabarani zina mikia. Nikirudi nyumbani jioni kwa matatu ya 58, Jogoo Road yote ilikuwa mishumaa: kila taa ya breki ilikuwa na mstari mwekundu uliosimama, juu na chini, na zile mbwembwe za rangi za matatu zilikuwa mvua inayonyesha wima. Niliona hivyo tangu utotoni. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alituambia tuchore usiku, nikachora nyota kama sindano. Wenzangu wakachora zenye pembe tano, nami nikadhani wamezikopi kwenye bendera ya nchi fulani. Hakuna mtu aliyewahi kuazimwa jicho la jirani ili alijaribu. Ulichonacho ndicho unachokiita kuona.

Basi nikaenda mjini kupimwa, duka moja la miwani kwenye ghorofa ya kwanza, mtaa ambao sitautaja kwa sababu utakayoiona mbele. Mpima macho alikuwa binti mpole aliyeniita dada. Kwanza nikaweka kidevu kwenye mashine nikatazama picha ya puto mwisho wa barabara, ikawa inafifia na kukolea. Kisha akanivisha fremu nzito ya chuma ya kujaribia, ile inayomfanya mtu afanane na fundi saa, akawasha ukutani mchoro wa mistari inayotoka katikati kama miale.

"Ipi nyeusi zaidi?"

Swali hilo lilinishangaza, kwa sababu jibu lilikuwa wazi kupita kiasi. Mistari iliyosimama ilikuwa myeusi kama wino wa pleti mpya. Iliyolala ilikuwa kijivu, kama imechorwa kwa penseli kisha ikafutwa na mtoto. Nikamwambia wameikosea kuchapisha. Akacheka.

"Yote imechapishwa sawa, dada. Una astigimatizimu."

Nitaieleza nilivyoielewa mimi, kwa lugha ya mtu wa karatasi. Mbele ya jicho kuna kioo chembamba kisicho na rangi, konea. Hiyo ndiyo inayofanya takriban theluthi mbili za kazi ya kuukunja mwanga ili ukutane nyuma ya jicho, kwenye retina. Lenzi iliyo ndani humalizia. Konea ikiwa ya mviringo sawasawa kama mpira wa miguu, mwanga kutoka kwenye nukta moja huishia nukta moja. Lakini konea nyingi si mpira wa miguu. Ni mpira wa raga: umepinda sana upande mmoja, umetulia upande mwingine. Wangu ni mpira wa raga uliolala ubavu, maana yake mkunjo wa kutoka juu kwenda chini ni mkali kuliko ule wa kushoto kwenda kulia. Mwanga unaopita upande mkali hukutana mapema, ule wa upande uliotulia hukutana baadaye, na nukta haipatikani tena popote. Inavutwa ikawa mstari.

Nukta zangu zilivutwa juu na chini. Taa ikawa mshumaa. Mstari uliosimama haukudhurika, kwa kuwa ulivutwa kuufuata urefu wake wenyewe. Ulirefuka kidogo tu. Mstari uliolala ndio ulioumia, ukapanuka juu na chini hadi ukayeyuka. Sasa itazame herufi e. Tofauti yake na o ni nini? Ni ule ufito mmoja wa katikati, umelala, mwembamba kama unywele. Ndio huo jicho langu lilikuwa likiufuta, au likiutia mahali usipokuwepo kwa kuwa ubongo umezoea kubahatisha. Nilipofinya macho, kope zilibana mwanga wa juu na chini, na ufito ukarudi.

Na maumivu ya kichwa yaliyonipanda kila saa kumi alasiri, ambayo nilikuwa nayanywea dawa na kuyatupia lawama harufu ya wino? Jicho langu lilikuwa likihangaika mchana kutwa. Likijirekebisha likapata mistari iliyosimama, iliyolala inapotea. Likigeukia iliyolala, iliyosimama inafifia. Hakuna mahali pa kutua. Mpima macho aliniambia watu wengi wana robo au nusu dayopta, yaani kipimo cha nguvu ya lenzi, ya tatizo hili na hawatajua maisha yao yote. Mimi nilikuwa na moja na robo tatu jicho la kulia, moja kamili kushoto, na kazi ya kutofautisha herufi.

Nilipofika nyumbani nilisoma mpaka usiku wa manane, tabia ya kazi. Mwaka 1801 Mwingereza Thomas Young alieleza kasoro hii katika jicho lake mwenyewe. Alilizamisha jicho ndani ya maji ili konea isifanye kazi, akakuta kasoro ipo bado, akajua kwamba yake iko kwenye lenzi ya ndani. Ila niliyempenda ni George Airy, mtaalamu wa nyota. Jicho lake la kushoto lilikuwa karibu halitumiki kusomea. Mwaka 1825 akachukua kadi, akaitoboa tundu dogo, akawa anaisogeza mbali na karibu na jicho huku akipima: hapa tundu linakuwa mstari wa hivi, pale linakuwa mstari wa vile. Akapiga hesabu, akampelekea fundi wa Ipswich aliyeitwa Fuller, naye akamsagia lenzi iliyopinda upande mmoja tu, kama kipande kilichokatwa ubavuni mwa chupa. Jicho likasoma. Ndiyo miwani ninayovaa mimi leo, na mpaka miaka ya 1860 ndipo daktari Mholanzi, Franciscus Donders, alipoonyesha kwamba tatizo lenyewe si la ajabu bali ni la kawaida. Jina astigimatizimu lilitungwa na msomi William Whewell kutoka Kigiriki: bila nukta. Na huyo Airy ndiye ambaye mstari wa longitudo sifuri uliokubaliwa mwaka 1884 unapita kwenye darubini yake pale Greenwich. Saa ya ukutani ofisini kwetu, saa 3 mbele, inahesabiwa kutoka kwa mtu ambaye jicho lake moja lilikataa kuona nukta.

Turudi dukani. Karatasi niliyopewa ilikuwa na safu tatu. SPH ni ile ya kawaida, kuona mbali au karibu. CYL ni ukubwa wa astigimatizimu. Ya tatu, AXIS, watu hawaitazami, nami sikuitazama. Ni mwelekeo, nyuzi kuanzia 1 mpaka 180. Lenzi ya kawaida ukiizungusha haibadiliki, lakini hii ina upande, kama kitenge chenye maua yanayotazama juu. Mshona nguo akikigeuza, nguo itakutosha bado, ila kila mtu ataona.

Jicho langu la kulia: nyuzi 170. La kushoto: 10.

Lenzi za namna hiyo hazikuwa tayari kabatini, zikaagizwa. Nikalipa, nikangoja siku nne, nikachukua. Nilipovaa, dunia ikawa tofauti kweli, lakini si nzuri. Kijana wa kaunta akasema, "Utazoea, madam. Ya kwanza huwa hivyo."

Nikazoea. Yaani nikajilazimisha. Wiki ya kwanza kichwa kiliuma kuanzia saa nne badala ya saa kumi. Wiki ya pili nikawa nasoma prufu kwa jicho la kushoto tu, la kulia nimeliziba kwa kiganja kama haramia. Wiki ya tatu, jioni, ndani ya 58, nikazitazama taa za Jogoo Road nikagundua kitu: kwa jicho la kulia mikia ilikuwa ipo bado, ila haikusimama tena. Ilikuwa imelala mshazari, kama mvua yenye upepo.

Msoma prufu hujua kosa lililohama. Likihama, kuna mtu ameligusa.

Nikaenda duka jingine, nikaomba waipime miwani yenyewe, si macho. Wanayo mashine ndogo ya kupimia lenzi, dakika mbili, mara nyingi hawakutozi. Mama aliyeipima akaandika namba, akaniwekea karibu na karatasi yangu ya kwanza. CYL sawa. SPH sawa. AXIS ya kulia: 17.

Sifuri ilikuwa imeanguka. Mahali fulani kati ya chumba cha kupimia na maabara ya kusaga lenzi, mtu aliandika 17 badala ya 170, na hakuna aliyesoma prufu. Yule mama akanieleza kuwa nyuzi 180 na 0 ni mahali pamoja, kwa hiyo kutoka 170 hadi 17 ni mwendo wa nyuzi 27. Lenzi hizi zikikosea nyuzi 10 zimepoteza kama theluthi ya kazi yake. Zikikosea 30, ni sawa na hukuvaa kitu, na hapo zimekuongezea mshazari wa bure. Mimi nilikuwa nimebakisha nyuzi tatu tu kufika hapo, na nilikuwa nimelipia.

Niliwarudia bila ugomvi. Nilikuwa mtu wa mwisho Nairobi mwenye haki ya kumfokea mtu kwa ajili ya herufi moja. Wakanitengenezea upya bila malipo.

Miwani sahihi nayo ina vituko vyake, na hapa ndipo watu wengi huiacha kwenye droo. Siku ya kwanza sakafu ya ofisi ilikuwa mteremko. Fremu za milango zilikuwa zimeinama kidogo kuelekeana, kama wazee wanaonong'onezana. Fundi wa mashine, mtu mrefu, alikuwa amefupishwa. Nikivuka kwenda stendi nilikuwa nainua mguu kupanda ukingo ambao haukuwa juu vile. Kwa upande wangu iliisha siku ya tano. Watu wengine huchukua hata wiki mbili, hasa aliyeanza ukubwani. Tofauti na miwani yenye kosa ni kwamba hii ilipungua kila siku, na tangu dakika ya kwanza herufi zilikuwa kali. Ikiwa wiki mbili zimepita na kichwa kinaongezeka, usikubali neno "utazoea". Peleka ipimwe.

Na zile miwani wanazouza vijana kwenye foleni ya magari, au zilizopangwa kwenye turubai Muthurwa? Zinamfaa mzee wa miaka hamsini ambaye tatizo lake ni kusoma karibu tu na macho yake mawili yako sawa. Hazina CYL hata kidogo. Ningevaa kumi, e ingebaki o.

Ningeishia hapo, lakini mwaka jana mtoto wa dada yangu aliturudishia habari kwa njia nyingine. Ana miaka kumi na sita, yuko shule ya bweni, ana mzio wa vumbi tangu mdogo na anasugua macho kwa ngumi mpaka unasikia sauti. Miwani yake ilikuwa inabadilishwa kila likizo. Dada akawa analalamika gharama. Nikamwomba anitumie picha za karatasi zote za vipimo, nikazipanga mezani kwa tarehe. CYL ilikuwa imepanda kutoka moja na nusu hadi tatu na robo ndani ya mwaka. AXIS ilikuwa inarukaruka. Astigimatizimu ya kawaida, kama yangu, hukaa mahali pake miaka na miaka. Hubadilika polepole mno mtu anapozeeka. Hii ilikuwa inakimbia.

Tulimpeleka kwa daktari bingwa wa macho, Upper Hill. Walimpiga ramani ya konea, picha ya rangi kama zile za hali ya hewa, na sehemu ya chini ilikuwa nyekundu tupu. Keratokonasi. Konea yake ilikuwa inakonda na kutokeza mbele kama koni, na kusugua macho kunahusishwa sana na hali hiyo. Huanza mara nyingi katika umri huohuo wa ujana. Miwani haiwezi kunyoosha kitu kilichopinda ovyo, kwa sababu haina AXIS moja ya kuifuata.

Dawa yake ni ya kushangaza. Hukwangua ngozi nyembamba ya juu ya konea, hutia matone ya manjano ya riboflavini, ambayo ni vitamini B2, kisha humulika kwa mwanga wa urujuanimno. Matone na mwanga hufunga nyuzi za konea zishikane ziwe ngumu. Mpwa wangu aliposikia akaniuliza, "Anti, kwani jicho linakaangwa?" Nikamwambia ulize daktari, nami nilikuwa najiuliza hivyohivyo. Ilichukua kama saa nzima. Siku mbili alilia maumivu, akakaa gizani, kisha akapona. Haikurudisha konea kama zamani. Ilisimamisha. Sasa anavaa lenzi ngumu za kuweka machoni, ambazo hutengeneza uso mpya laini juu ya ule uliopinda, machozi yakijaza mabonde, na anasoma ubao kutoka nyuma ya darasa. Hasugui tena, dada alimwekea matone ya mzio na, nadhani, vitisho.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza watu karatasi zao, hata kwenye harusi. Rafiki alikuwa anapanga kufanyiwa leza ili atupe miwani. Leza hufanya kazi nzuri kwa astigimatizimu ya kawaida: husaga konea upande mkali mpaka ulingane na mwenzake. Lakini konea iliyo njiani kuelekea keratokonasi ukiikonda zaidi umeibomoa, ndiyo maana daktari mwaminifu hupiga ramani kwanza, hupima unene, na hutaka kuona namba zimetulia angalau mwaka mmoja. Mwenyewe sikuitaka, miwani inanipa sababu ya kuonekana msomi. Lenzi laini za kuweka machoni nilijaribu mwezi mmoja. Zile za astigimatizimu zina uzito kidogo chini ili zisizunguke, zijikumbushe AXIS kila unapopepesa. Zangu zilikaa vizuri; vumbi la Industrial Area ndilo lililokataa. Mama mkwe wangu, alipotolewa mtoto wa jicho, aliwekewa ndani lenzi yenye CYL yake tayari, na sasa anatuhesabia punje za mchele.

Wanaonikalia moyoni ni watoto. Ubongo hujifunza kuona katika miaka saba, minane ya kwanza, na jicho linalouletea picha mbovu unaweza kuacha kulisikiliza kabisa, hata ukilivisha miwani baadaye. Mtoto hatakuja kukwambia. Atainamisha kichwa, atafinya macho mbele ya televisheni, ataruka mstari anaposoma, atachora nyota kama sindano. Mwalimu wangu aliandika kwenye daftari langu, kwa wino mwekundu: "Kuwa makini."

Karatasi zile mia sita ziliuzwa kama taka, isipokuwa moja. Fundi wa mashine aliibandika ukutani kule chini, karibu na mlango, mahali ambapo lazima uipite ukienda chooni. Siku ya tano ya miwani yangu sahihi nilisimama kwenye ngazi ya mwisho, mbali kama hatua nane, nikaisoma. Kufikia mwisho wa mada. Ilikuwa o, duara tupu, imetulia tuli, bila dalili ya ufito katikati.

Mzee aliniona nimesimama pale, akazima mashine.

"Unaiona?"

"Naiona."

"Na hiyo ya chini yake?"

Nikashusha macho mstari mmoja. "Mwanafunzi aweze kutambua wahusiku."

Wiki zote hizo, na hakuna mwingine aliyekuwa ameiona.